Alama Moja Tu: Mtunya ya Ugogo na Fomu ya Mkimbizi

Mwaka 2023 nilikaa Kigoma wiki kadhaa nikisaidia kuwahoji watu waliokuwa wakivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kongo. Fomu tuliyopewa ilikuwa na swali lililonitesa kuliko mengine yote. Liliandikwa "Sababu ya kuondoka", na chini yake kulikuwa na visanduku: vita, mateso ya kisiasa, maafa ya asili, kutafuta maisha, nyinginezo. Maelekezo yalisema weka alama moja tu.

Mama mmoja alikaa mbele yangu, mtoto mmoja mgongoni na mwingine ameng'ang'ania kitenge chake. Alikuwa ametoka kwao milimani, upande wa Fizi, akikimbia mapigano. Akateremkia Uvira, akapanga chumba jirani na mto Mulongwe, akanunua cherehani ya mkono, akaanza kushona. Aprili 2020 mto ukafurika. Maji yakabeba chumba, cherehani na vitambaa vya wateja. Mafuriko yale yaliua watu makumi mjini Uvira na kuacha maelfu bila makazi. Akahamia kwa dada yake, akarudia kazi kwa sindano na uzi. Kisha risasi zikasogea tena, na safari hii hakuwa na kitu cha kuuza apate nauli ya kwenda mbali. Alichokuwa nacho kilitosha boti ya kuvuka ziwa, basi.

"Papa," aliniambia, "andika zote mbili."

Nikamweleza kwamba fomu inataka moja. Akaitazama karatasi, akanitazama mimi.

"Basi andika ile iliyonimaliza nguvu."

Hakujua ni ipi, wala mimi sikujua. Niliweka alama kwenye vita, kwa sababu vita ndivyo vinavyomfungulia mtu mlango wa kupokelewa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1951 unamtambua mkimbizi kwa hofu yake ya kuteswa kwa ajili ya rangi, dini, uraia, kundi la kijamii au msimamo wa kisiasa. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 ukaongeza uvamizi, utawala wa kigeni na machafuko yanayovuruga vibaya amani ya umma. Mto uliofurika haukutajwa katika hata mmoja wao. Kwa hiyo sikuandika uongo. Lakini nusu ya habari za mama yule niliiacha nje ya karatasi, na nusu hiyo ndiyo iliyoeleza kwa nini alifika mikono mitupu.

Nilirudi nyumbani Dodoma nikimwaza bibi yangu mzaa baba, aliyefariki mwanzoni mwa miaka ya 1990. Alizaliwa Mvumi, kusini-mashariki mwa mji, yapata 1911, na akiwa mtoto wa miaka minane alihama kwa miguu na mama yake wakati wa njaa ambayo Wagogo wanaiita Mtunya. Nikajiuliza: angeketi kwenye kiti kile cha plastiki, ningemwekea alama wapi? Nimeamua kukiandika kisa chake kama tunavyoandika kisa cha kaya yoyote iliyong'olewa kwake, hatua kwa hatua. Naamini kinaonyesha jambo ambalo fomu zetu zinalificha. Mara nyingi ukame au mafuriko peke yake hayamng'oi mtu. Hung'oka pale mwingine alipokwisha kumwondolea vile alivyotegemea kuvukia mwaka mbaya.

Niseme mapema: ukame wa 1919 haukuletwa na moshi wa viwanda. Dunia ilikuwa haijapata joto la leo, ambalo limezidi lile la nusu ya pili ya karne ya 19 kwa zaidi ya nyuzi 1 ya Selsiasi. Simtumii bibi kuthibitisha mabadiliko ya tabianchi. Namtumia kuonyesha jinsi hali ya hewa na vita vinavyoshirikiana kumwondoa mtu kwake, maana ushirika huo ni uleule hadi leo, na sasa upande mmoja wake unazidi kupata nguvu.

Jinsi mwaka mbaya ulivyokuwa ukivukwa

Nchi yetu ni kavu. Dodoma hupata mvua ya milimita kama 570 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Kuanzia Mei hadi Novemba ni vumbi na upepo. Hata ndani ya msimu, mvua inaweza kukata wiki mbili tatu katikati, mtama ukajikunja majani, kisha ikarudi umechelewa. Wazee walilijua hilo vizuri kuliko mtaalamu yeyote. Hakuna aliyelima akitumaini kwamba kila mwaka utakuwa mwema.

Walipanda mtama na uwele, mazao yanayostahimili jua. Nafaka waliiweka ndani ya tembe, nyumba yenye paa bapa la udongo, ambamo moshi wa mafiga ulisaidia kufukuza wadudu. Zaidi ya yote, walifuga. Ng'ombe kwa Mgogo alikuwa ghala linalotembea. Msimu ukiharibika, dume lilipelekwa kwa wenye chakula, Usagara, Ukaguru au Uhehe, likabadilishwa kwa nafaka. Na ng'ombe wa mtu hawakukaa zizi moja. Aliwagawa kwa ndugu na marafiki wa mbali wamfugie, wao wakafaidi maziwa, ili ukame ukipiga huku, kule wabaki wazima. Safari ya kwenda kutafuta chakula ina jina lake, kuhemea, na wakati ule halikuwa jina la aibu. Mwenye nguvu alikwenda kuhemea, akarudi na mzigo kichwani, mwaka ukavukwa.

Sisemi maisha yalikuwa mepesi. Njaa zilikuja, watu wakafa, na sotoka ya miaka ya 1890 iliteketeza mifugo karibu Afrika Mashariki yote. Lakini baada ya sotoka watu walijenga mazizi upya, ndama kwa ndama. Kufikia 1914 zizi la baba yake bibi, kwa maneno aliyopenda kuyarudia, lilijaa hata ndama wakikanyagana.

Majeshi mawili, zizi moja

Reli ya Kati ilifika Dodoma 1910 na Kigoma 1914. Wajerumani waliijenga kwa ajili ya biashara na utawala, Vita Kuu vya Kwanza vya Dunia vilipoanza ikawa mshipa wa jeshi. Kwa reli hiyo vilipita vipande vya meli ya Graf von Götzen, ndani ya masanduku, kwenda kuunganishwa Kigoma. Nitairudia meli hiyo baadaye.

Mwanzoni vita vilikuwa mbali, kaskazini mpakani. Aprili 1916 jeshi la upande wa Waingereza likiongozwa na Jenerali van Deventer liliingia Kondoa, na Julai 29, 1916 likaichukua Dodoma. Wajerumani walikuwa wamekusanya ng'ombe na nafaka vijijini kulisha askari wao, na walipojiondoa kuelekea kusini waliswaga walichoweza. Waingereza nao walifika na njaa. Walikuwa wameitangulia mno mizigo yao, na farasi wao walikufa kwa maelfu kwa maradhi. Nao wakachukua ng'ombe, wakachukua nafaka, wakachukua watu.

Hapo kwenye watu nataka kukaa kidogo. Jeshi katika nchi isiyo na barabara lilisafiri kwa vichwa na mabega ya wapagazi. Kikosi cha wapagazi cha Waingereza kiliitwa Carrier Corps, na kambi yake Dar es Salaam ndiyo iliyozaa jina la Kariakoo. Kila konda wa daladala anayeita "Kariakoo, Kariakoo" anawataja wale watu bila kujua. Katika vita ile wapagazi makumi ya maelfu walikufa, na wengi hawakuuawa na risasi. Walimalizwa na kuhara, malaria, baridi ya mvua na chakula kisichotosha.

Baba yake bibi alichukuliwa mwishoni mwa 1916. Walimkuta akitengeneza paa kabla ya masika. Bibi alikuwa na miaka mitano na alikumbuka jambo moja tu: kiganja cha baba yake kilikuwa na udongo mbichi alipomshika kichwani kumuaga, na udongo ule ulikauka kwenye nywele zake hadi jioni mama yake alipoukwangua. Hakurudi. Hakuna aliyekuja kusema alifia wapi.

Sasa iangalie kaya ile ilivyosimama mwaka 1917, kabla ya ukame. Mume hayupo. Zizi limechukuliwa mara mbili, wamebaki ng'ombe wa kuhesabu kwa vidole na mbuzi. Ghala limefagiliwa. Mama yuko na mabinti wawili na mtoto mchanga wa kiume, analima kwa mkono kipande tu cha shamba walilolima zamani. Bado angeweza kujikongoja, kama si jambo moja: majirani wote walikuwa hivyohivyo. Ndugu wa mbali waliofuga ng'ombe za baba yake walikuwa wamenyang'anywa nao, kwa sababu jeshi halikuchagua ukoo wala kijiji. Kugawa mifugo huku na huku ni kinga dhidi ya mvua, ambayo hukosa hapa ikanyesha pale. Si kinga dhidi ya jeshi linalopita kote.

Hili ndilo fundo la kisa chote, na ndilo ninalotaka msomaji aondoke nalo hata akiacha mengine. Mbinu zetu zote za kuvuka ukame ziliegemea kwamba mahali fulani, kwa mtu fulani unayemfahamu, kuna kitu kimesalia. Vita vilihakikisha hakuna mahali kilikosalia.

Walipoondoka, vita vilikuwa vimekwisha

Novemba 1918 Wajerumani waliweka silaha chini kule Abercorn, ambayo sasa ni Mbala, Zambia. Mafua makali yaliyoitikisa dunia yakapita na Ugogo, yakaua watu waliokwisha kudhoofu. Na msimu wa 1918/19 mvua zikakata.

Mama akauza mbuzi. Lakini kila kaya ilikuwa ikiuza mbuzi wiki zilezile na kila kaya ikitafuta nafaka, kwa hiyo mbuzi aliyeleta debe zamani sasa alileta vibaba. Wakala ubuyu, wakala mizizi, wakala majani ya mlenda wa porini hadi yakaisha jirani na vijiji. Wakachemsha ngozi waliyokuwa wakilalia. Bibi alisema mchuzi wake ulinuka zizi, na kwamba alilia, si kwa ubaya wa ladha, ila kwa sababu harufu ile ilimkumbusha ng'ombe.

Jina Mtunya, wazee wanasema, ni kunyang'anyana. Linaeleza kilichotokea kati ya watu. Waliokuwa wakipeana ng'ombe wa kufuga wakaanza kuibiana masuke. Bibi hakupenda kulizungumza hilo. Aliweza kueleza kifo cha ndugu yake bila machozi, lakini alipofika mahali ambapo mjomba wake alifunga mlango, alinyamaza.

Waliondoka 1919. Walifuata reli kuelekea mashariki kama wengi wengine: Kikombo, Igandu, Msagali, Gulwe. Treni ilikuwa ikiwapita. Mtoto wa kiume alifariki kabla hawajafika Gulwe, wakamzika kando ya tuta. Wakaendelea hadi upande wa Kilosa, kwenye mto Mkondoa, ambako ardhi ilikuwa na unyevu na watu walikuwa na mahindi. Huko mama akafanya jambo ambalo akina mama wengi wa Ugogo walilifanya mwaka ule. Dada mkubwa wa bibi, aliyekuwa na miaka kama kumi na miwili, aliachwa kwa kaya moja iliyokuwa na chakula, na mama akapewa mahindi. Wengine waliita rehani, kwamba mtoto angekombolewa mambo yakitengemaa. Bibi aliita kuachwa.

Kuna kitu kimoja mama hakukiuza. Masuke mawili ya mtama wa mbegu yaliyokuwa yananing'inia juu ya mafiga, meusi kwa moshi, aliyapukuchua, akafunga punje ndani ya pindo la nguo yake. Alimzika mwanawe punje zile zikiwa kiunoni. Nilipokuwa kijana nilimuuliza bibi, kwa ujinga wa ujana, kwa nini hawakuzila. Akaniambia mama yake alisema zile si chakula, ni njia ya kurudi.

Inakadiriwa kwamba Mtunya iliua watu kama 30,000 kati ya watu 150,000 wa Ugogo. Mmoja katika kila watano.

Karani angeandika nini

Karani wa leo akimhoji mama yule pale Kilosa mwaka 1919, angeanza na swali la vita. Vita vipo? Havipo, vimekwisha miezi kadhaa. Kuna anayekufukuza? Hakuna. Mvua? Haikunyesha. Basi alama ingekwenda kwenye "maafa ya asili", na karani angekuwa ameandika kwa uaminifu jambo lisilo kweli.

Maana ukame huohuo, kwa kaya yenye mume, zizi na ghala, ungekuwa mwaka wa kuhemea. Mzee angekwenda Usagara na dume mmoja akarudi na nafaka. Wasingehama wote, mtoto asingezikwa kando ya reli, binti asingeachwa. Tofauti kati ya mwaka mgumu na kung'oka kabisa haikuletwa na anga. Ililetwa na majeshi miaka miwili na mitatu kabla, na kwa kuwa muda ulipita katikati, mkono wa aliyefanya haukuonekana tena.

Muda huo wa katikati ndio unaotudanganya. Vita huchukua akiba leo, ukame huja kudai akiba hiyo kesho kutwa, na anayeonekana mlangoni siku ya kuhama ni ukame peke yake.

Tuliliona hilo Somalia mwaka 2011. Ukame uliipiga Pembe ya Afrika yote, ukaumiza Kenya na Ethiopia pia. Lakini Julai 20, 2011 Umoja wa Mataifa ulipotangaza baa la njaa, ulilitangaza kusini mwa Somalia, Bakool na Shabelle ya Chini, ambako miaka ya vita ilikuwa imekula akiba na Al-Shabaab ilikuwa imeyazuia mashirika ya misaada. Karibu watu 260,000 walikufa katika njaa ile, nusu yao watoto wa chini ya miaka mitano. Waliobaki walitembea hadi Dadaab, Kenya, kambi zikafurika hadi kupita watu 400,000. Anga lilikuwa moja juu ya nchi tatu. Kilichotofautiana ni kile kilichosalia mikononi mwa watu chini yake.

Na kwa mama wa Uvira mambo yalifuatana kwa mpangilio tofauti, vita, mafuriko, vita, lakini kazi iliyofanyika ni ileile. Mapigano ya kwanza yalimtoa shambani, yakamweka mtu wa kupanga kando ya mto, mahali ambapo maskini hupata chumba kwa sababu mwenye uwezo hapataki. Mto ukachukua cherehani. Mapigano ya pili yakamkuta bila cherehani. Kila pigo lilimkabidhi kwa lingine akiwa mwepesi zaidi.

Mwishoni mwa 2024 UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ilihesabu watu milioni 123.2 duniani waliolazimika kuyahama makazi yao, na milioni 73.5 kati yao wamo ndani ya nchi zao wenyewe. Shirika hilo linasema robo tatu ya waliohamishwa kwa nguvu wanaishi katika nchi zilizo hatarini sana kwa madhara ya tabianchi. Takwimu hiyo husomwa kama bahati mbaya, kana kwamba watu wamekimbia moto wakaangukia maji. Baada ya kukaa na kisa cha bibi, naisoma tofauti. Mahali palipoharibiwa na vita ndipo hali ya hewa hupata njia rahisi ya kuingia, kwa sababu hakuna aliyebaki na kitu cha kuizuia.

Mkimbizi hawezi kuhemea

Kuna upande mwingine ambao sikuufikiria hadi nilipoanza kuandika haya. Bibi na mama yake, kwa shida zao zote, waliruhusiwa kutembea. Waliweza kwenda Kilosa, kulima vibarua kwenye mashamba ya watu, kuokota, kuomba, kurudi. Bibi hakuvuka mpaka wowote. Kwa lugha ya leo angeitwa mkimbizi wa ndani, na Mkataba wa Kampala wa 2009, ulioanza kutumika Desemba 2012, ungemgusa, kwani unataja wazi maafa na mabadiliko ya tabianchi miongoni mwa sababu za watu kuhama ndani ya nchi zao.

Aliyevuka mpaka yuko kwenye hali nyingine. Sheria yetu ya Wakimbizi ya 1998 inamtaka akae kwenye eneo alilotengewa, na kutoka nje kunahitaji kibali. Nimeona Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa 1996, watu wakiuza sehemu ya mgawo wao wa mahindi ili wapate hela ya kusagia iliyobaki. Mgawo ukipunguzwa kwa sababu wafadhili wamepunguza fedha, wao hawana shamba la kwenda kulima vibarua, hawana dume la kupeleka Usagara. Upepo ukiezua hema, wanangoja turubai. Mwanamke akitoka kutafuta kuni mbali na kambi, anatoka kwa hofu, na wanakijiji wenyeji nao wana haki ya kulalamika kwamba msitu wao unakwisha. Kila mlango ambao Mgogo wa zamani aliutumia kuukwepa mwaka mbaya, kwa mkimbizi wa kambini umefungwa kwa sheria. Halafu tunashangaa kwamba anategemea msaada.

Najua Tanzania imebeba mzigo mkubwa kwa miaka mingi, na najua hofu za usalama zilizozaa sheria ile. Nchi yetu iliwapa uraia, kwa makumi ya maelfu, Warundi waliokimbilia hapa mwaka 1972, jambo ambalo nchi chache zimethubutu. Kwa hiyo sisemi kama mtu wa nje anayelaumu. Nasema kwamba mtu anayezuiwa kuhama, kulima na kufuga anakuwa ameandaliwa kushindwa na mvua inayofuata, hata kama aliyemzuia alikuwa na nia njema kabisa.

Meli niliyoahidi kuirudia: Wajerumani waliizamisha wenyewe ziwani Julai 1916, siku chache kabla ya Dodoma kuanguka. Waingereza wakaiibua 1924, ikapewa jina la Liemba. Mei 2015, Warundi waliokimbia machafuko walipojazana kijiji cha Kagunga ufukweni na kipindupindu kikaanza kuwaua, ndiyo iliyowabeba kwa maelfu hadi Kigoma. Chombo kilichopita Ugogo kwa ajili ya vita iliyomhamisha bibi yangu, miaka mia baadaye kilikuwa kinabeba wahamaji wengine.

Kurudi

Mama na bibi walirudi Mvumi mvua ziliporejea. Paa la tembe lilikuwa limeanguka, maana paa la udongo lisipotunzwa kila mwaka huanguka, na aliyekuwa akilitengeneza alichukuliwa akiwa juu yake. Sehemu ya shamba ilikuwa inalimwa na wengine. Walipanda zile punje. Zilitoa kidogo, mwaka uliofuata zikatoa zaidi.

Zizi halikujaa tena. Bila ng'ombe hapakuwa na mbolea, mahari wala cha kupeleka Usagara, na vijana wa Ugogo walizidi kwenda kutafuta ujira kwenye mashamba ya wakoloni. Njaa zilizofuata ziliikuta nchi iliyopoteza namna yake ya kujiokoa, na maofisa wakaanza kuandika kwamba Ugogo ni nchi ya njaa, kana kwamba iliumbwa hivyo.

Bibi alikwenda Kilosa mara moja, kwa treni, akiwa mtu mzima mwenye wajukuu, kumtafuta dada yake. Hakujua jina la kijiji. Alilijua jina la dada tu, na mwembe uliokuwa karibu na kivuko. Aliuliza watu siku nzima. Vivuko vilikuwa vingi na miembe ilikuwa mingi. Alirudi usiku kwa treni, na baba yangu alisema hakuongea siku mbili.

Yule mama wa Uvira, nilipomaliza maswali ya fomu, nilimuuliza swali lisilokuwemo: kuna mtoto umemwacha? Akainama. Mmoja, akasema, wa kiume, miaka tisa, yuko kwa dada, nauli haikutosha wote. Fomu ilikuwa na nafasi ya watoto waliopo peke yake. Niligeuza karatasi, nikaandika nyuma jina la mtoto, jina la dada, mtaa, kanisa lililo jirani, jina la mwenye duka la kona. Akanisomesha tahajia ya kila jina mara mbili, akanishika mkono nisiandike haraka.